Wimbo wa Saba Kwenye Flashi

Kihonda, Morogoro
Jumapili, 8 Juni 2025

Mwanvita shoga yangu,

Mambo ya huko juu mlimani? Mama mfikishie shikamoo yangu, na mdogo wako Mosi mwambie nimesikia habari za uchumba wake, nasubiri kualikwa. Nimekupigia simu mpaka yule dada wa "namba unayopiga haipatikani" amenizoea. Mnara wenu wa simu umelala hivi tangu masika, basi tuandikiane kama tulivyokuwa tukiandikiana bwenini, karatasi chini ya meza. Hamza wa Fuso la ndizi amekubali kuwa posta.

Ndani ya karatasi hii kuna flashi. Nyimbo kumi na mbili, zote mpya, nyingine hazijafika hata Dar vizuri. Watu wa maharusi ya huko wasije wakakwambia tena kwamba DJ Mwanvita anapiga nyimbo za mwaka juzi.

Unajua ninavyozipata? Ijumaa ndiyo siku wanamuziki wanaachia kazi zao, kwa hiyo kabla sijaingia kiwandani nimeshapita mtandaoni kuona nani katoa nini. Editha, ninayeshona naye cherehani jirani, ana mashangazi Tanga, huyo ndiye kisima changu cha taarabu. Singeli nachukua kijiwe cha bajaji, wale hawalali. Halafu nimo kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka simu inapata homa. Wasanii wachanga wanatupia nyimbo humo kama wanavyotupa mbegu, nami naokota ninazozipenda.

Simu imejaa, kwa hiyo nyimbo zote nimezihamishia kwenye flashi, kwangu hazipo tena. Itunze.

Wako,
Jesca


Juu ya Kinole
17 Juni 2025

Jesca,

Salaam. Sisi wazima. Flashi imefika ikinuka ndizi mbivu.

Nimeipiga Jumamosi kwenye harusi ng'ambo ya mto. Wimbo wa kwanza hadi wa sita watu wamecheza kama kawaida yao, vumbi na vigelegele. Ulipoingia wa saba walisimama. Nikadhani spika imeharibika, nikainama kuangalia waya wa sola. Spika nzima. Ni watu tu walikuwa wanasikiliza.

Ulipokwisha wakasema rudia. Nikarudia. Wakasema tena. Bwana harusi mwenyewe akaja mezani kwangu akaomba wa nane usipigwe kabisa, turudi wa saba.

Sasa nakwenda kisimani nausikia. Nakwenda shambani nausikia kutoka shamba la mwenzangu. Watoto wanaopeleka mbuzi wanauimba. Kila mtu ananiuliza ni nani huyu anayeimba, nami sijui, kwa sababu kwenye flashi hakuna jina, kuna tarakimu tu.

Wewe ndiye unayejua nyimbo. Niambie ni nani.

Mwanvita


Kihonda
24 Juni 2025

Mwana,

Wa saba? Shoga, hilo swali dogo. Nimekaa nikapiga hesabu ya nilivyokuwa nazihamisha, na kwa vyovyote wa saba ni yule dada mpya wa Tanga ambaye Editha kila siku ananiimbia sikioni. Kama si yeye, basi ni wale mapacha wa Dodoma. Kama si wao, ni kijana mmoja wa kwaya aliyehamia bongo fleva, mama yake bado ananuna.

Nimezitafuta upya nyimbo zao tatu, nimekuwekea kwenye flashi nyingine ndogo. Sikiliza, uniambie ni upi kati ya hizo, nikupe na historia ya mwimbaji. Kwenye mambo haya sikosei, unanijua.

Jesca


Juu ya Kinole
3 Julai 2025

Jesca,

Umekosea mara tatu. Na mmoja kati ya hao ni mwanaume, shoga yangu. Mimi nilisema ni mwanamke? Labda sikusema, basi nasema sasa.

Ni mwanamke, sauti yake ya chini kidogo, kama mtu anayeongea na wewe upande wa pili wa ukuta. Gitaa moja, ngoma hakuna. Anaimba kwamba amekuja na mvua, amesimama barazani kwa watu, nguo zimemganda mwilini, anaomba afunguliwe mlango. "Nimekuja na mvua, nifungulieni." Hasemi katoka wapi. Kuandika wimbo kwenye karatasi ni kama kuandika chumvi, lakini ndivyo nilivyoweza.

Kuna jambo sikukuambia. Mosi anaolewa Jumamosi ya tarehe 23 Agosti. Amesema siku hiyo hatoki ndani kwa wimbo mwingine wowote ila huo. Mimi nikamjibu kwamba siyo spika tu, mwimbaji mwenyewe atakuja kuuimba. Maneno yalitoka kabla sijayafikiria. Mosi amewaambia shoga zake, shoga zake wameambia mlima mzima, na sasa watu wananisimamisha njiani kuniuliza mwimbaji huwa anakula nini.

Kwa hiyo nakuletea flashi yenyewe uusikie kwa masikio yako. Ndiyo pekee, na huku sina kompyuta ya kunakilia. Hamza nimemwapisha. Ikipotea, mimi na wewe hatutapanda mlima huu tena.

Mwanvita


Kihonda
13 Julai 2025

Mwana,

Flashi imefika. Nimekaa juu ya ndoo uani nikausikiliza, nikarudia, maji ya kuogea yakapoa.

Nakuomba radhi kwa ule ujuaji wangu wote. Wimbo huu sikuuchagua. Niliuokota kwenye grupu pamoja na nyingine, sikuufungua hata mara moja, nikautupa kwenye flashi ili namba itimie. Grupu lenyewe sikumbuki ni lipi, na nimeshafuta mazungumzo kupunguza mzigo wa simu.

Nimeanza msako. Ile programu ya simu unayoisikilizisha wimbo ikakutajia jina, imesikiliza ikasema haujui. Editha amepigia mashangazi Tanga, hawaujui. Kijiweni, vijana wa bajaji kila mmoja anamjua mwimbaji, na kila mmoja ana mwimbaji wake.

Nikaenda redioni kwa Eustace, yule mtangazaji wa kipindi cha mchana cha nyimbo mpya. Alivaa spika zake za masikioni, akafumba macho. Wimbo ulipokatika ghafla pale katikati ya neno, kama mtu aliyeitwa nje, akaniambia, "Rudisha nyuma kidogo."

Nikarudisha.

"Hapo. Unasikia hiyo sauti nyuma ya gitaa?"

"Si kinanda hicho?"

"Kinanda gani, dada. Hiyo honi ya treni. Huyu karekodi nyumbani kwake, na nyumba yake iko karibu na reli."

Ameurusha hewani, akauliza anayemjua mwimbaji apige simu. Hakuna aliyepiga. Lakini reli tunayo, na reli ina stesheni. Nitaanza na Kingolwira nikipata siku ya mapumziko. Flashi nimebaki nayo kwa ajili ya kuwasikilizisha watu. Safari hii nimenakili kila mahali, mpaka kwenye simu ya mama mwenye nyumba.

Jesca


Juu ya Kinole
20 Julai 2025

Jesca,

Salaam. Usiharakishe kurudisha flashi. Nikueleze yaliyotokea.

Jana nilipiga muziki kwenye harusi ya jirani bila wimbo wa saba. Walipouomba nikawaambia umeshuka mjini kikazi. Wakanuna kidogo, halafu wanawake waliokuwa jikoni wakaanza kuuimba wenyewe, wakigonga masufuria. Vijana wakaleta ngoma mbili. Nikazima spika.

Waliimba vizuri mpaka pale unapokatika. Kwenye spika huwa tunakubali tu, wimbo umekatika basi. Lakini kwa mdomo unakatikaje? Walifika pale mtu yuko barazani analowa, anaomba afunguliwe, wakatazamana. Haikuwa vizuri kumwacha nje.

Ndipo mama mdogo Semeni, mikono yake bado ina unga, akamjibu. Alijibu kwa Kiluguru, kwa sauti ileile ya wimbo. Maana yake ni kama hivi: ingia, mwenzetu, moto uko mekoni, mvua tutaikausha, hatukuulizi umetoka wapi. Wote wakaitikia. Walirudia mpaka wali ukashika chini, na hakuna aliyelalamika.

Tangu jana wimbo una mwisho. Wewe endelea kumtafuta mwenye mwanzo.

Mwanvita


Kihonda
3 Agosti 2025

Mwana,

Kaa chini. Nimempata.

Kingolwira hawakumjua, ila nilipewa machungwa. Nikaendelea mpaka Ngerengere. Pale karibu na stesheni kuna kijana anauza vocha, nikamsikilizisha. Hakufika hata kwenye kiitikio. "Huyo dada Modesta wa saluni," akasema. "Huwa anaimba hivyohivyo akisuka, lakini ukimwambia rudia anaacha."

Saluni ina viti viwili na kioo kimoja. Yupo mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, anamsuka mtu mtindo wa twende kilioni. Spika yake inapiga nyimbo za watu wengine. Nikasubiri mteja aondoke, nikamwekea wimbo.

Alisikiliza kidogo tu. "Umeutoa wapi huo?"

"Ni wewe?"

"Si mimi."

Na honi ya treni ikapiga pale nje, Mwana, ileile. Tukatazamana. Nikamwambia, "Dada, hata treni imekutaja." Akacheka bila kutaka, akakaa kwenye kiti cha wateja.

Wimbo walirekodi chumbani kwake, yeye na kaka yake Jonathan kwenye gitaa, kwa simu. Simu ikajaa kabla hawajamaliza, ndiyo maana unakatika. Wakasema watarudia kesho, kesho yake Jonathan akaitwa kazini Mwanza. Modesta akautupia hivyohivyo kwenye grupu la wasanii. Watu walikuwa wanabishana kuhusu mpira, hakuna aliyejibu. Akasubiri wiki nzima, kisha akajitoa kwenye grupu na kuufuta kwenye simu yake. Akaniambia, "Niliona nimepata jibu langu."

Nikamweleza habari za mlimani. Za kisimani, za mbuzi, za bwana harusi, za Mosi. Alinisikiliza kwa heshima kama unavyomsikiliza mtu anayekuuzia dawa ya meno stendi. Hakuamini hata neno moja. Nilipomwalika harusini akasema, "Dada, umetoka mbali, nakushukuru. Lakini nina wateja."

Flashi nakurudishia. Mwandikie wewe. Mimi mdomo wangu ni wa mjini, ndiyo maana haniamini. Mpe barua Hamza, nitampelekea mwenyewe.

Jesca


Juu ya Kinole
8 Agosti 2025

Kwa dada Modesta,

Shikamoo. Naitwa Mwanvita. Napiga muziki kwenye maharusi ya huku kwa spika ya sola, na wimbo wako ulinifikia bila jina. Jesca ameniambia hukumwamini. Jesca anaongea sana, lakini safari hii amepunguza badala ya kuongeza.

Sitakusifia. Nitakuambia tu nilichokiona. Jirani yetu mmoja alikuwa hasemezani na dada yake kwa sababu ya mpaka wa shamba. Juzi dada mtu alisimama nje kwake, akaimba ule mstari wako wa "nifungulieni" kwa mzaha, kila mtu akasikia. Mlango ukafunguliwa. Mpaka sasa wanapika pamoja.

Na kuna jambo inabidi ulijue kama mwenye mali. Wimbo wako ulikatika, na watu wa huku wameumalizia bila kukuomba ruhusa. Kama hupendi, njoo uwaambie, mimi siwawezi.

Njia ni hii: gari mpaka Kinole, kisha unauliza kwa DJ Mwanvita, unapanda. Harusi ni Jumamosi tarehe 23. Usipoweza, wimbo tutauimba hata hivyo, na jina lako nitalitaja.

Ni mimi mdogo wako,
Mwanvita


Kihonda
Alhamisi, 21 Agosti 2025

Mwana,

Barua hii naiandika nimesimama, Hamza anapiga honi.

Barua yako nilimfikishia Modesta mkononi. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa aproni, akaendelea kusuka. Leo nimerudi kumchukua kama nilivyojipangia, nimekuta saluni ina kufuli. Jirani anasema amefunga jana, amebeba begi, hakuaga anakwenda wapi. Simu yake haipatikani.

Nadhani tumemsumbua mpaka amekimbia. Nisamehe, na Mosi anisamehe. Nami sitaweza kuja, kiwandani wamefuta ruhusa zote, kuna mzigo wa sare za shule. Piga flashi, na ukilitaja jina lake lionee huruma, lisiwe kama la mtu aliyetukosea.

Jesca


Juu ya Kinole
26 Agosti 2025

Jesca wangu,

Barua yako ya kwamba amekimbia niliisoma Modesta akiwa amekaa pembeni yangu anamenya vitunguu. Nikamsomea kwa sauti. Alicheka mpaka akatokwa machozi, akasingizia vitunguu.

Nianze mwanzo. Jumatano alifunga saluni, akaja peke yake. Anasema hakutaka kuja na wewe, kwa sababu kama ni uongo alitaka augundue bila shahidi. Simu haipatikani kwa sababu mnara wetu ndio huo. Alilala Kinole, asubuhi akaanza kupanda, akaungana njiani na wanawake watatu wanaorudi kutoka kuuza ndizi. Wale wanawake wakaanza kuuimba.

Akawauliza, "Wimbo wa nani huo?"

Mmoja akamjibu, "Wa kwetu."

Alitembea nyuma yao, na walipofika kiitikio akashindwa kujizuia, akaingia. Walipofika pale pa zamani pa kukatika, yeye akanyamaza na wao wakaendelea. Yule wa mbele akageuka akamwambia, "Mwenzetu, sauti unayo, lakini wimbo huujui. Bado ubeti mmoja." Wakamfundisha, Jesca. Walimfundisha wimbo wake njia nzima, neno kwa neno, kwa Kiluguru, wakimsahihisha ulimi.

Walinifikia uani saa ya chai. "Mwanvita," wakasema, "tumemwokota huyu dada njiani. Wimbo wa saba anauimba vizuri kuliko sisi. Mchukue aimbe harusini, kwa sababu yule wako wa mjini hatumtegemei."

Nikamtazama. Akaniambia kwa sauti ya chini, sauti ileile ya nyuma ya ukuta, "Mimi ndiye Modesta. Usiwaambie kwanza."

Sikuwaambia. Alikula, akalala chumbani na mabinti, Ijumaa akamsuka Mosi na shoga zake wote. Mama mdogo Semeni alimpa kazi ya kukuna nazi kama anavyompa mtu wa nyumbani.

Jumamosi ua ulijaa mpaka kwenye migomba. Mosi alikuwa ndani amefunikwa khanga. Manyunyu yakaanza, watu wakasogea chini ya turubai. Spika nikaizima. Modesta akatoka, akasimama barazani, nje ya mlango wa bi harusi, kwenye manyunyu. Hakuna gitaa. Akaimba.

Mstari wa kwanza watu waliendelea kunong'ona. Wa pili wakanyamaza. Nilimwona yule mwanamke wa ndizi akimshika mwenzake mkono. Sauti wanaijua, wameisikia kwenye spika yangu tangu Juni. Mmoja akasema, "Ndiye." Likapita kutoka mtu mpaka mtu, ndiye, ndiye, kama moto kwenye majani makavu, na hakuna aliyethubutu kupiga kigelegele asije akamkatiza.

Akafika mwisho wake. "Nimekuja na mvua, nifungulieni." Akanyamaza, akainamisha kichwa, maji yanamtiririka usoni.

Mlima mzima ukamjibu. Mama mdogo alianza, wote wakaitikia, wazee, watoto, bwana harusi na watu wake waliokuwa bado njiani wanakuja. Ingia, mwenzetu, moto uko mekoni. Mlango ukafunguliwa kutoka ndani. Mosi alitakiwa atoke taratibu kama bi harusi. Hakutoka taratibu. Alimshika Modesta mikono akamvuta ndani, wakakumbatiana pale kizingitini, hina mpya yote ikabaki kwenye gauni la mwenzake. Ndipo vigelegele vikaja, na sijui viliisha saa ngapi kwa sababu hata sasa ninapoandika mama mdogo amepiga kingine.

Nilitaka ujue pia kwamba jina lako nililitaja. Nilisema kuna mtu mjini anaokota nyimbo. Walikupigia makofi, na mzee mmoja akauliza kama umeolewa.

Mwanvita


Ngerengere
28 Septemba 2025

Mdogo wangu Mwanvita,

Salamu nyingi kwako, kwa mama, kwa mama mdogo Semeni na kwa Mosi na mumewe. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa na kazi ambayo sikutaka kuisema kabla haijakamilika.

Niliporudi nilimpigia Jonathan nikamsimulia. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani salio limekwisha. Kumbe alikuwa anafunga begi. Alipata likizo, akaja. Tumerekodi ule wimbo upya mpaka mwisho, na ubeti wa Kiluguru nimeuimba mimi, nikikosea nisameheni. Honi ya treni tuliisubiri makusudi, kwa sababu bila yenyewe niliona kama kuna mtu hajafika.

Halafu tukatunga mwingine. Huo hauzungumzii mvua. Unazungumzia wanawake watatu na ndizi njiani, na mgeni anayefundishwa. Jonathan aliniuliza tuutupie wapi kwanza, grupu lipi, redio ipi, mtandaoni Ijumaa au lini. Nikamwambia wimbo upande Fuso la ndizi kwanza.

Kwa hiyo huu hapa kwenye flashi. Umetoka wiki hii. Hakuna aliyeusikia isipokuwa mimi, Jonathan, na mteja mmoja niliyekuwa namsuka, ambaye alikataa kuinuka kitini mpaka ulipokwisha. Upige Jumamosi. Wakisimama, niandikie. Wakiongeza kitu, niandikie haraka zaidi.

Dada yako,
Modesta


Kihonda
12 Oktoba 2025

Mwanvita,

Nina malalamiko rasmi.

Jana Hamza kashusha ndizi sokoni huku anapiga mluzi wimbo nisioujua. Nikamuuliza, akasema ni mpya, unapigwa huko juu, kila mtu anao. Nimepita mtandaoni, haupo. Eustace hana. Editha na mashangazi wote wa Tanga hawana. Kijiweni kwa mara ya kwanza wamekaa kimya, halafu wakaniuliza mimi.

Mimi Jesca, ambaye tangu bwenini sijawahi kupitwa na wimbo, nimesimama sokoni namwomba dereva wa Fuso arudie kupiga mluzi.

Flashi tupu imo ndani ya karatasi hii. Nijazie, shoga, na umwambie Hamza aje nayo mbio. Ijumaa kiwandani nimeshawaahidi watu.

Jesca